Jiwe Jeupe la Mama

Miaka ile ya Ujamaa, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, niliwaleta wenzangu wanne wa mjini kutembea katika korongo letu. Upande ule wa milima ya Usambara mvua haifiki sawasawa. Ukishayaacha mashamba ya mahindi, unakuta miiba na mawe makubwa yaliyosimama peke yake, mengine yamebeba mawe wenzao kichwani kama wanawake wanaotoka sokoni. Wenzangu waliduwaa. Nami nilivimba kichwa, utadhani niliyasimamisha mimi.

Kando ya njia kulikuwa na mafungu ya mawe madogo, yamepangwa hadi kufika kiunoni. Mwenzangu mmoja akauliza, "Ndugu, na haya je? Ndiyo matambiko yenu?" Wote wakacheka.

Nilijua ni nini. Mama zetu waliyapanga ili ukungu ukishuka wajue pa kukata kona, maana hatua chache mbele kuna genge. Kila mwanamke aliyepita kwenda soko la Magoma aliongeza jiwe lake. Sentensi moja ingetosha kueleza. Lakini niliogopa kuonekana mshamba, nikajibu, "Mambo ya wazee hayo," na fungu la kwanza nikalipiga teke mimi mwenyewe. Wenzangu wakamalizia mengine. Jiwe jeupe ambalo mama alilibeba kutoka mtoni kwetu niliona likibingirika, nikacheka kuliko wote.

Wageni wakaondoka, mimi nikabaki nyumbani kumalizia likizo. Siku ya soko iliyofuata, mama alipanda kutoka sokoni katika ukungu, akaikosa kona. Kichaka cha pembeni mwa genge kilimzuia asifike chini, ila mguu ulivunjika. Majirani walimleta nyumbani kwa machela ya miti.

"Mawe yameangushwa," aliniambia nilipokuwa nikimwosha. "Ni wageni tu hao. Mtoto wa hapa hawezi."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni wageni."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha maji ya moto. Jibu lile linanitia haya hadi leo, kuliko hata teke.

Likizo iliyofuata mguu ulikuwa umepona, lakini umepinda. Mama alitaka twende tukayapange mawe upya. Alikaa juu ya mwamba, akawa ananielekeza kwa fimbo. Nilipanga asubuhi nzima bila kupumzika, maana kupumzika kungekuwa kukaa karibu naye. Lile jeupe nililipata chini ya miiba, nikaliweka juu kabisa. Wanawake wawili waliokuwa wakishuka sokoni wakasimama kututazama. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, na mama akawaambia kwa fahari:

"Mnamwona binti yangu? Msomi mzima huyu, na njia ya mama zake hajaisahau."

Niliinama kutafuta jiwe jingine.