Siku ya Kumzima Bibi

Watu wakisikia kwamba kompyuta ilimharibia masikio shemeji yangu, hucheka. Nawaacha wacheke. Hawakuwahi kuiona ile kompyuta.

Huyu shemeji ni mume wa dada yangu. Alikuwa fundi wa upoozaji katika kituo chetu cha utafiti, na kazini wote tulimwita Bwana Baridi, hata wenzetu wa ng'ambo ambao Kiswahili chao kiliishia hapo hapo. Mimi nilikaa ghorofa ya juu yake, nikipanga hesabu za watafiti zisubiri zamu kwenye kompyuta kuu. Kompyuta yenyewe tuliiita Bibi. Ilijaza ukumbi mzima, makabati meusi safu kwa safu, na kila kabati na feni zake mgongoni. Ukifungua mlango tu, ngurumo inakupiga kifuani.

Mlangoni palitundikwa vizuia kelele vya kuvaa masikioni, na chini yake onyo kwa herufi kubwa. Bwana Baridi alivivaa shingoni. Eti anataka kusikia feni ipi inakaribia kufa. Jamani, nani alimtuma? Vipima joto vilikuwepo, feni ikilegea taa nyekundu inawaka mezani kwangu! Lakini mtu akishaipenda kazi yake, utamwambia nini?

Wakati huo tulikuwa nchi nne tunashirikiana kuunda kompyuta ya kizazi kijacho, ichukue nafasi ya Bibi. Wengine walishika vichakataji, wengine programu, wengine mtandao, na sisi tukapewa kazi ya kuipoza. Hiyo mpya haina feni hata moja. Maji yanapita kwenye vibomba vyembamba juu ya vichakataji vyenyewe, na ukumbi unabaki kimya.

Kila wiki tulikutana kwenye skrini. Kila mtu anaongea Kiingereza cha kuazima kwa lafudhi ya kwao, kwa hiyo neno lililosemwa zaidi katika mradi mzima lilikuwa "rudia tafadhali". Profesa anamwambia profesa arudie, wanacheka, kazi inaendelea. Shemeji alivaa hedifoni, akafungulia sauti mpaka mwisho, akawa anaomba kurudiwa kuliko wote. Nani angemshtukia? Walimsifu kwa umakini.

Nyumbani ndiko kulikowaka moto.

"Mume wangu kaninunia," dada aliniambia jikoni kwake, mwiko mkononi. "Namsemesha, kimya. Narudia, ananiuliza eti, eti, kama mimi mwendawazimu."

"Dada, yule hasikii. Ni masikio."

"Masikio gani? Wa ng'ambo anawasikia, wa kitanda kimoja hanisikii? Usinifanye mtoto mdogo."

Nikaona nimfuate mwenyewe. Nilimkuta kwenye ukumbi mpya, anapapasa bomba kutafuta unyevu. Nikaita, "Shemeji!" Hakugeuka. Nikaita tena, palepale mgongoni kwake, katika ukumbi usio na sauti yoyote. Nikamgusa bega, akaruka.

"Wewe! Unataka kumfanya dada yako mjane?"

"Nimekuita mpaka koo limekauka. Nenda ukapime masikio."

Akafuta mikono taratibu, hakunitazama. Kumbe alikuwa anajua. Kengele ya maji kuvuja katika ukumbi ule ni mlio mwembamba, na nchi zote nne tulikubaliana kwamba mashine mpya ikishawashwa, anayeshika zamu mle lazima apimwe masikio kwanza. Akishindwa, haingii. Na mabomba yale aliyachora yeye kwa penseli, akafuta, akachora tena, kwa miaka. Ukumbi ule ndio uliokuwa ukimwamsha asubuhi.

"Ni ngurumo ya Bibi tu, shemeji," akasema. "Imenikaa kichwani, naenda nayo nyumbani, nalala nayo. Siku tukimzima, itatoka. Masikio yatapumzika, nitasikia vizuri, ndipo nitapimwa."

"Na isipotoka?"

"Itatoka. Itakaaje kichwani kwangu wakati yenyewe haipo?"

"Na dada je?"

"Nitamwambia nikishapona. Nimtie hofu ya nini?"

Nilimwambia huo ni ujinga, kisha nikamwambia tena kwa sauti ya juu ili aupate wote. Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, ndiyo maana sikuwahi kumkasirikia mpaka mwisho.

Siku ya kumzima Bibi, kituo kilialika familia zetu, na wenzetu wa ng'ambo walisafiri kuja. Mkuu wa usalama wa mradi, mama mmoja mrefu mwenye mvi, alileta kadi mpya za kufungulia ukumbi. Ya Bwana Baridi alimwonyesha kwa mbali, picha yake juu, akimtania kwamba atampa kesho akishapimwa. Dada alikuja na nguo yake nzuri, lakini alisimama mbali na mumewe, mikono kaikunja kifuani.

Tulijipanga ukutani, wote tumeziba masikio. Fundi umeme akaanza kuzima safu moja baada ya nyingine. Shemeji alivua vizuia kelele vyake, akafumba macho. Mimi nilijua anasubiri nini. Ngurumo ikapungua ikawa mvumo, ikabaki feni moja ya pembeni, nayo ikakata. Tukavua vya masikioni. Nilimsikia mtu akimeza mate.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulimsubiri yeye, maana Bibi alikuwa wake. Shemeji bado kafumba macho. Mara akapaza sauti, ile sauti ya mtu anayeshindana na feni:

"Mbona mnachelewa? Zimeni basi!"

Mmoja alicheka akidhani ni utani. Alicheka peke yake. Shemeji akafumbua macho, akaona taa zote za Bibi zimezimika, akaona nyuso zetu. Akaweka kiganja kwenye kabati lililokuwa karibu naye, ahisi kama linatetemeka. Akakiacha palepale. Mungu wangu, nilitamani litetemeke.

Mkuu wa usalama aliirudisha ile kadi mfukoni, machozi yanamlenga. Shemeji alimwona, akamwashiria kwa mkono kwamba ni sawa. Haikuwa sawa hata kidogo.

Dada akaja. Alipita katikati ya maprofesa bila kuomba njia, akamshika mumewe uso kwa mikono miwili.

"Kumbe hukuninunia," akasema.

"Eti?"

Miaka yote ile, neno hilo ndilo lililokuwa likianzisha ugomvi nyumbani kwao. Dada akasogeza mdomo mpaka sikioni kwake, akamrudia maneno yale taratibu.