Maiti Aliyetoa Chozi

Mimi filamu nazisahihisha. Nilifundisha darasani miaka mingi, na nilipostaafu, kalamu nyekundu ilikataa kustaafu. Mpwa wangu ana duka la muvi karibu na soko hapa Songea. Watu wanakuja na flashi zao kujaziwa, wengine bado wananunua CD. Daftari langu linakaa kaunta. Kazi mpya ikitoka naiangalia, naandika maoni, na mteja anasoma kabla hajachukua. Wakikuta nimeandika "Usipoteze umeme wako," wanacheka na kuiacha.

Sina roho mbaya, jamani. Wiki moja nilikuwa nimeisifu sana sizoni moja ya nje iliyotafsiriwa, kwa sababu mle ndani mama anafua, na nguo zinatakata kweli.

Siku iliyofuata akaja binti mmoja, fundi cherehani wa kijiji cha Maposeni, na CD aliyoivingirisha kwenye kitambaa. Hata shikamoo yake ilitetemeka. Alikuwa ametengeneza filamu yake ya kwanza kwa kamera ya kuazima, mama yake mzazi akiwa steringi. Mpwa wangu hakumficha: "Mwalimu akiipitisha, naiweka dukani. Akiikataa, rudi ukashone." Maskini, akakaa kwenye benchi akinitazama mimi badala ya runinga.

Mwanzo ulinikera. Upepo unameza maneno, jogoo anawika kila mtu akitaka kusema jambo la maana. Nikaandika, nikapigia mstari. Kisha steringi akafa. Tangu lini steringi akafa katikati ya picha? Akalazwa mkekani, akafunikwa kanga, na waombolezaji wawili wakapiga yowe.

Hapo, lo! Wanawake wakaanza kuingia uani mbiombio. Mmoja ana beseni la unga, mwingine mzigo wa kuni, wa tatu viganja vimejaa udongo wa shamba. Wa mbele kabisa, mguu mmoja peku, akajitupa chini kando ya mkeka na kulia kilio ambacho sijakiona kwenye filamu yoyote.

"Huyu mama umemtoa wapi?" nikamuuliza binti. "Anaigiza kuliko wote!"

"Haigizi, Mwalimu. Hakuna anayeigiza hapo. Nilisahau kuwaambia majirani."

Weee! Kwetu ukisikia yowe la msiba huulizi. Unabeba unga unakwenda. Huyu kaliza watu kijiji kizima, eti alisahau!

"Na huyo wa mbele," akaendelea taratibu, "yeye na mama walikuwa hawasalimiani tangu niko shule ya msingi. Mambo ya mpaka wa shamba."

Kwenye runinga kanga ilikuwa imeteleza usoni mwa marehemu. Chozi likamtoka, likashuka hadi sikioni. Mpwa wangu akaangua kicheko. "Maiti analia! Hii wateja watanirudishia." Binti akainama. Akasema kila aliyeiona amemshauri akate kipande hicho, na nikitaka atakikata, ilimradi kazi yake ikae dukani.

Nilitaka kusema kata. Kosa ni kosa. Ila kwanza nikauliza yule jirani alifanya nini alipojua ukweli, maana kuigiza kifo kwetu ni uchuro, na nilitegemea kusikia matusi.

"Mama alipoinuka, wengine walikimbia," akasema. "Yeye hakukimbia. Alimwambia, 'Kumbe ulikuwa unanisikia. Basi nisikilize.' Akamtolea yote ya moyoni, tangu mwanzo, mpaka ugali wa ule unga ukaiva. Kamera ilikuwa imeshaisha chaji."

Nilitafuta leso kwenye mkoba, na mpwa wangu akajifanya haoni. Kisha nikavuta daftari nikaandika kwa herufi kubwa: "Maiti analia. Atakayelikata chozi hili atanitambua." Mpwa wangu alisoma, akaguna, akaipachika CD kwenye rafu ya mbele.

Nilidhani binti ataruka kwa furaha. Badala yake aliniomba nimwandikie maneno yaleyale kwenye karatasi nyingine, ayapeleke nyumbani ampe jirani.

"Kwani hajaiangalia?" nikauliza.

"Bado. Hajui kama mama alilia. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho kwa kilio."