Beno Komba, mbeba jora anayevaa umri wake mgongoni

Saa mbili asubuhi, Kariakoo imekwishafurika. Beno Komba anakuja na jora tatu za vitambaa begani, shingo imenyooka, macho mbele.

"Mzigo! Mzigo huo!" anapaza sauti. Watu wanapisha. Asiyepisha, Beno anamzunguka kwa hatua moja, na jora hazitikisiki.

"Babu, pisha vijana!" anamtania mbebaji mwenzake, Ramadhan.

"Kijana gani? Jora mbili tu unatweta!" anajibu Beno bila kugeuka.

Beno ana miaka 32. Ikifika saa kumi jioni huwa beki wa kati wa Pugu Stars, timu ya daraja la kwanza. Mkataba wake wa miezi mitatu unaisha Jumamosi hii. Baada ya mechi ya siku hiyo, viongozi wataamua wamwongeze mwaka au wamwache.

Mpira ulikwisha kumtoa nje mara moja. Mwaka 2010, akiwa ametoka Mbinga na kufikia kwa mjomba wake Magomeni, alichaguliwa kujiunga na kituo cha kukuza vipaji vya soka. Walijaribiwa vijana zaidi ya 300, wakachukuliwa 20. Kituo kilitaka wasiozidi miaka 14. Beno alikuwa na 17.

Mjomba akamtafutia cheti kingine cha kuzaliwa.

"Wengi wetu tulikuwa na miaka ya aina mbili, ya mama na ya mpira," anasema. "Sikuona kosa. Niliona ndiyo njia."

Kwa miaka miwili alikuwa nahodha, na makocha walimwambia atafika mbali. Kisha vijana wakapelekwa kupigwa picha ya mifupa ya kifundo cha mkono, inayoonyesha umri. Cheti hughushiwa, mfupa haughushiwi.

"Nilifungasha virago siku ileile. Mama nikamwambia nimeumia goti."

Akaingia Kariakoo kubeba mizigo kwa wiki mbili, zikawa miaka 13. Dukani kwa Vasant, muuza vitambaa, hulipwa Sh1,000 kwa jora; siku nzuri hupata Sh20,000. Jumapili alicheza na wabebaji wenzake viwanja vya Jangwani. Huko ndiko kocha wa Pugu Stars, Ridhiwani Mtulia, alikomwona.

"Washambuliaji walikuwa wakimgonga, wanaanguka wao," anasema kocha huyo.

Siku ya kujaza fomu za usajili, kiongozi mmoja alimvuta Beno pembeni. "Andika ishirini na sita, bwana. Nani atakupima?"

Beno akaandika 32. Mwenyekiti aliposoma, akacheka. "Kocha, tunasajili beki au mzee wa baraza?"

"Mpeni miezi mitatu," Ridhiwani akajibu. "Akichoka, nitoeni mimi."

Hajachoka. Amecheza mechi tisa, na katika tano timu yake haikufungwa bao. Klabu inamlipa Sh350,000 kwa mwezi, lakini jora hajaziacha.

"Ananiaga saa nane kila siku," anasema Vasant. "Namwambia nenda, baba, lakini usilivunje bega. Bega hilo langu."

Jumamosi mama yake, Angelina, atakuwa uwanjani kwa mara ya kwanza. Mwezi uliopita Beno alimpigia simu, akamweleza ukweli kuhusu lile goti.

Beno anakumbuka jibu lake. "Akaniambia, 'Mwanangu, umri wako ninao mimi, kwenye kadi ya kliniki. Ungeniuliza.'"

Siku alipopewa jezi, Beno aliomba namba 32, ili asiwepo wa kumuuliza umri tena. Sasa anaikunja jezi hiyo na kuitia kwenye mfuko wa plastiki, anajitwisha jora nyingine.

"Wakinipa mwaka, hii namwachia mama aende nayo Mbinga," anasema. "Msimu ujao nitaomba thelathini na tatu."