Karatasi Nilizompa Asome Kanisani

Nilimchukia mtu mmoja miaka sita kabla ya kumlipa, na hata baada ya kumlipa sijamaliza. Nasema hivyo mapema ili msomaji asingojee nimwonyeshe moyo mweupe. Kila nikimkumbuka Mwalimu, huyo mtu naye anakuja nyuma yake, kwa hiyo nitawasimulia wote wawili.

Mwalimu alifundisha darasa la sita katika shule ya kanisa letu la Kiprotestanti, Mulekera, Beni. Alinifundisha mimi, na kabla yangu alimfundisha dada yangu mkubwa na huyo mtu, darasa moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la kijivu lilikuwa limeng'aa viwiko kwa kuzeeka. Dictée, yaani imla, aliisoma mara tatu, taratibu, akitembea kati ya mabenchi. Kosa hakulipiga fimbo. Alikuita ubaoni uandike lile neno mbele ya wenzako mpaka mkono uzoee. Alasiri ya Jumatano na Jumamosi alifundisha kwaya. Kinanda hatukuwa nacho. Aliandika sauti nne ubaoni kwa do-re-mi, kisha akampa kila mtu sauti yake kwa kinywa chake mwenyewe, hata soprano, kwa ile sauti nyembamba iliyotuvunja mbavu. Nyimbo nyingi alizitunga yeye, nyingine kwa Kinande, na mpaka leo zinaimbwa harusini na watu wasiojua zilitoka wapi.

Mtaani pia alikuwa kiongozi. Waliogombania mpaka wa shamba walimjia, waliopigana na wake zao walimjia. Na watu walipoanza kukimbia mauaji ya huko mashambani, wakaingia mjini na magodoro kichwani, yeye ndiye aliyewafungulia madarasa. Walilala juu ya mabenchi yaliyounganishwa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliwapikia katika sufuria za harusi za kanisa, na sisi wa kwaya tulichota maji.

Huyo mtu alikuwa sekretere wa baraza la kanisa na tenor wa kwanza katika kwaya. Sauti alikuwa nayo, siwezi kumnyima hilo. Lakini ulimwona, Mwalimu akiinua mkono kutuongoza, yeye macho yake yalikuwa kwenye ule mkono, si kwenye wimbo.

Mimi nilikuwa nimeanza kufundisha darasa la tatu, ukuta wa mbao tu ukinitenga na darasa la Mwalimu. Asubuhi moja nilisikia viatu vizito, halafu sauti yake ikisema bila haraka, "Batoto, muendelee na zoezi ya tano." Nilipofika mlangoni askari walikuwa wameshampandisha kwenye jeep.

Walimweka siku kumi na moja. Walisema kati ya wakimbizi wale alikuwa akificha maadui. Mama alikaa kila siku mbele ya ofisi yao ya usalama, chini, miguu ameinyoosha, mpaka wakachoka kumwona. Mwalimu aliporudi alikuwa akigeuza kichwa kila ukimsemesha. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa makofi.

Wiki ile aliniita nimsaidie kupaka ubao upya. Tulisaga makaa ya betri za zamani, tukachanganya na majani ya muhogo, tukasugua. Ubao ulipokauka aliniambia, "Balinionyesha barua. Ilisema bintu nilisema mu baraza, na mule tulikuwa batu bane tu. Jina hapana."

"Njo nani aliiandika, Mwalimu?"

Alichukua chaki akaandika *parce que*, halafu akaweka kamkia ka cédille chini ya c, pale ambapo Kifaransa hakiweki kamkia hata kidogo. Nilijua papo hapo. Kila aliyepita shule ile alijua hadithi ya mtoto aliyesimamishwa ubaoni mwaka mzima kwa sababu ya kamkia kale, asijifunze. Mtoto yule sasa alikuwa sekretere wa baraza; dada yangu alikuwa darasa moja naye.

"Niliona ile c," Mwalimu akasema, "nikasahau hata kama bananipiga. Nikajiuliza, nilikosa wapi kufundisha?"

Nilisema nitakwenda kumwambia pasta jioni ileile. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mweusi kwa masizi.

"Usiambie mutu. Hata Mama. Ukisema leo, vijana batamuchoma na pneu ya gari, na mimi njo nitakuwa nimemuua."

Kwa hiyo nilinyamaza. Haikupita muda, huyo mtu alisimama mbele ya baraza akasema kwa sauti ya huruma kwamba Mwalimu hasikii tena vizuri, tumpumzishe, kwaya ipate mwenye masikio mawili. Walikubali. Jumapili iliyofuata alituongoza yeye, kwa mikono ya Mwalimu, ileile aliyokuwa akiitazama miaka yote. Mwalimu alikaa benchi la nyuma, sikio la kulia mbele. Mimi niliimba alto yangu nikimtazama yule mtu shingoni. Nilimwombea mabaya. Nilimwomba Nyamuhanga, Mungu kwa Kinande, ampe kitu kwenye koo.

Mwaka haukuisha Mwalimu na Mama walihamia Butembo, nyumbani kwa binti yao. Mimi nami niliolewa huko, nikapata kazi ya kufundisha. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumwona. Alikuwa bado anatunga. Aliniweka upande wa kulia nimwimbie alto karibu na sikio, kisha akafuta noti moja kwa kidole chenye mate, akaandika nyingine. Huyo mtu naye alikuja kila Noeli, akanywa chai ya Mama, akamwita Mwalimu baba. Mwalimu alimwuliza habari za kwaya. Mimi nilikaa palepale nikahesabu vijiko.

Mwalimu alikufa kwa tension, presha ya damu, hospitali ya Butembo, wakati wa mvua. Ilikubaliwa azikwe Beni. Kesho yake huyo mtu alinipigia simu.

"Dada, pole sana. Baraza limenichagua nisome historique ya maisha ya Mwalimu. Mais mi kuandika inanishinda kidogo, na wewe njo unajua. Uniandikie page mbili, kwa Swahili ya kueleweka na batu bote."

Nikasema, "Sawa, kaka. Nitaandika."

Niliandika alasiri nzima katika darasa tupu, jioni nikapeleka karatasi zichapwe. Ukurasa wa kwanza niliweka kuzaliwa, masomo, ndoa, watoto, nyimbo. Nilijua atasoma huo tu kabla ya kusimama. Kuanzia utoto alikuwa mtu wa ukurasa wa kwanza. Habari ya ile barua niliiweka mwanzoni mwa ukurasa wa pili. Kwa nini nilivunja neno la Mwalimu? Nilijiambia kwamba aliyekataza amekufa, na kwamba miaka imepita, vijana wamepoa. Lakini sikuwa na uhakika kwamba wamepoa, na niliandika hivyohivyo.

Asubuhi ya maziko tulishuka na jeneza kutoka Butembo, magari matatu. Nilimkabidhi karatasi mlangoni pa kanisa, watu wakiwa wameshaanza kuingia. Aliangalia juu juu akatabasamu. "Aksanti, dada. Iko muzuri."

Kanisa lilijaa mpaka nje chini ya bashi za turubai. Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri mno, kwa ile sauti yake, na watu walilia. Akageuza.

"Alikamatwa kwa ajili ya barua isiyo na jina," alisoma. "Mwandishi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, naye Mwalimu alimtambua kwa kosa moja la Kifaransa, kamkia chini ya c..."

Hapo macho yake yaliufikia mstari uliofuata, mdomo ukasimama. Kwenye mabenchi ya wale waliosoma naye mwanamke mmoja alisonya. Dada yangu alishika kichwa. Nikaona vichwa vikigeuka kimoja kimoja, kama watu wanaosikia jina likiitwa.

"Hapa mashine ya imprimante ilikosea," akasema, akaanza kutafuta fungu la mwisho.

Mama alisimama kando ya jeneza.

"Soma," akasema.

"Mama, hii page haiko ya..."

"Uko na sauti. Soma yote."

Akasoma. Sauti ilikuwa imebaki ya kwake, lakini nyembamba. Alisoma kwamba Mwalimu hakumtaja mtu huyo, kwamba aliketi naye kanisa moja na meza moja, sikio moja likiwa limekufa. Alisoma kwamba Mwalimu aliagiza asiguswe na mtu yeyote. Sentensi hiyo ya mwisho sikuiweka kwa huruma. Nilitaka aishi miaka mingi, na kila asubuhi aamke akiwa mtu yuleyule.

Alipomaliza alikunja karatasi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Vijana wanne waliinuka. Mama hakupandisha sauti.

"Mukae. Tuko nazika."

Walikaa. Nakubali kwamba nilikuwa na furaha, furaha kubwa. Wimbo wa maziko ulikosa mwongozaji, ukaanza vibaya, besi mbele soprano nyuma, na mimi niliimba kama mtu aliye harusini.

Jioni, nyumbani kwa kilio, Mama aliniita nyuma ya jiko.

"Alikuambia lini?"

"Tangu alipotoka kule, Mama."

"Miaka sita." Alifuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena. "Huyu mutu nilimupatia chai kila Noeli. Nilimutafutia kikombe ya wageni. Na wewe ulikuwa pale unaniangalia."

"Mwalimu alinikataza."

"Leo pia alikukataza, na ulisema. Ulichagua siku yako wewe."

Mama hakunisemesha mpaka mavuno. Kila nilipofika kwa binti yake niliambiwa amelala. Hiyo ndiyo bei niliyotozwa, na ilinichoma kuliko nilivyotegemea.

Huyo mtu aliacha baraza, akaacha kwaya, akahama Beni. Mwaka jana nilikuwa Kasindi, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda, malori yametubana pande zote. Mtu alinijia na makaratasi ya forodha mkononi. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeota nyeupe, lakini alikuwa yeye. Alinisalimu, mimi nikatazama malori. Akasema haraka, kana kwamba alikuwa ameyabeba kifuani siku nyingi, "Dada, balinikamata mimi kwanza. Kabla ya Mwalimu. Balisema niandike jina ya mutu, ao nibaki mu kifungo. Mi niliogopa tu."

"Balipokuomba jina ya mutu," nikamwambia, "ungebapatia yako."

Alisimama pale. Foleni ilisogea, nami nikasogea.

Niliporudi Butembo nilimweleza Mama. Tulikuwa tumeshapatana wakati huo, kiasi. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

"Inaweza kuwa kweli," akasema.

"Inaweza, Mama."

"Baba yenu, Mwalimu, angemuuliza kwanza kama alikula."

Akaendelea kutwanga. Nilijua anangojea niseme kitu kizuri, na nilikitafuta, kwa heshima yake. Sikukipata. Nilichukua ungo nikaanza kuchambua majani yaliyobaki.