Tanzia Iliyobaki Rasimu

Kampuni ile iliuza majeneza, ikakodisha viti, maturubai na gari la kubebea maiti. Kwa miaka kumi na mmoja mama mmoja alikaa chumba cha mbele, pua karibu na kioo cha kompyuta, akiandika habari za waliokufa kwenye tovuti ya kampuni. Wenzake walimwita Bi Tanzia, wakamtania kwamba ukimwamkia anakutazama kama anayekupima urefu. Hakukasirika. Watu wa mbali waliifungua tovuti ile kila asubuhi wajue nani kaondoka na anazikwa saa ngapi, na hakuna hata siku moja aliyokosea jina la marehemu. Alimuuliza mfiwa mara tatu, akamsomesha mwenyewe alichoandika, ndipo akabonyeza pale palipoandikwa "Chapisha".

Lakini kinyozi hajinyoi. Kulikuwa na tanzia moja ambayo Bi Tanzia alikuwa ameiandika na hajaichapisha, mwaka wa sita huo.

Ilikuwa ya mwanawe, kifungua mimba wake. Kijana alikwenda mbali kuchimba madini, shimo likaporomoka na watu kumi na wanne ndani. Tisa wakatolewa. Watano hawakuonekana, na waokoaji walipochoka waliziba mdomo wa shimo wakaenda zao. Yeye alikuwa katika wale watano. Habari ilipofika nyumbani, baba yake alisema maneno machache tu: "Sitangazi msiba wa mtu ambaye sijamwona amelala." Basi, ikawa hivyo. Hakikutolewa nje hata kiti kimoja. Aliyeuliza aliambiwa yuko kazini, anawasalimu. Na kila Ijumaa yule mzee aliitoa baiskeli ya mwanawe uani, akaijaza upepo, akaifuta, akairudisha.

Bi Tanzia hakubishana na mumewe. Angebishana vipi na mtu anayejaza upepo baiskeli? Alichofanya ni kuandika. Katika ule mtambo wa zamani wa tovuti, ukurasa ambao haujachapishwa uliitwa rasimu, na hakuna aliyeuona ila mwandishi. Aliweka jina la mwanawe, majina yote matatu, tarehe ya kifo akaiacha wazi. Kisha kila alipokumbuka jambo aliongeza mstari. Kwamba alikuwa akila maganda ya machungwa. Kwamba aliogopa kuku mpaka alipofika darasa la nne. Kwamba simu ya mwisho aliomba fulana ya kijani, huko baridi kali, na yeye mama akamwambia subiri mwisho wa mwezi. Mistari ikapita hamsini. Nyumbani hakuandika kitu, maana daftari husomwa na simu hushikwa na kila mtu.

Mwaka huu mwenye kampuni akaamua kuihamishia tovuti kwenye mtambo mpya. Wa zamani ulikuwa umechakaa, picha zinachukua nusu saa kupanda, na mafundi wake hawapatikani tena. Akaletwa fundi, mama wa makamo, mpole, mwepesi wa kazi. Bosi akasimama nyuma ya viti vyao, mikono mfukoni, akijisifu kwamba mtambo mpya ukishachapisha tanzia, unaituma wenyewe kwenye simu za wote waliojiandikisha, mtaa mzima.

"Zilizochapishwa zimehama zote, dada," fundi alisema. "Elfu mbili mia tatu na sita. Ila kwa nywila ya fundi naona rasimu thelathini na nane. Nazo nizichukue?"

"Rasimu?" bosi akaingilia. "Kuna misiba ya watu tumeilalia? Hebu zifungue tuone."

Bi Tanzia akaliona moyoni jina la mwanawe likifunguka pale, bosi akisoma, kesho mtaani, keshokutwa masikioni mwa mumewe.

"Ni majaribio tu, bosi," akasema. "Hakuna cha maana."

Alijiambia atainakili saa ya chakula, bosi na fundi wakiwa nje. Fundi si alisema mtambo wa zamani utazimwa jioni? Lakini saa ya chakula aliingia mzee aliyefiwa na mkewe asubuhi ile, ameshika picha kwa mikono miwili, hajui aanzie wapi. Bi Tanzia akamkalisha. Akamuuliza jina mara tatu, akamsomesha, akangoja alie amalize. Hakumharakisha. Mzee alipoondoka, Bi Tanzia alifungua anwani ya zamani na kuambiwa ukurasa huo haupo.

Fundi alikuwa amemaliza mapema. Nakala ya akiba aliichukua baada ya kufuta yasiyotakiwa, na sehemu waliyokodi mtandaoni kuwekea tovuti ya zamani ilishafutwa, ikarudishwa kwa wenyewe.

"Kwani kulikuwa na kitu, dada?" aliuliza.

"Hapana," alisema Bi Tanzia.

Akarudi kitini. Roho ilimuuma hasa. Mwanawe alifukiwa mara ya kwanza na udongo, na mara hii amefukiwa na ulimi wa mama yake uliosema "hakuna cha maana" mbele za watu. Alifungua ukurasa mpya, akaandika majina matatu, akaanza kukusanya mistari. Maganda ya machungwa. Kuku. Fulana. Alipata kumi na saba. Akakaa, akafumba macho, haukuja wa kumi na nane.

Chini ya ukurasa palikuwa na vitufe viwili, cha kuhifadhi rasimu na cha kuchapisha. Alivitazama muda mrefu. Akarudi juu, akaijaza tarehe ya kifo aliyoikimbia miaka sita. Akausoma mara tatu, kwa sauti, maana mfiwa wa kumsomesha alikuwa yeye. Kisha akachapisha.

Bosi akatoka ofisini na simu mkononi. "Bi Tanzia, hili jaribio lako limeshafika kwa watu. Lifute."

"Si jaribio, bosi. Ni mwanangu."

Bosi akavuta kiti cha wateja, akakaa.

Simu ya Bi Tanzia ikaita. Alikuwa mumewe. Bi Tanzia alipokea amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kwa talaka.

"Mama watoto."

"Bee."

"Nimesoma." Nyuma yake zilisikika sauti za watu. "Majirani wameanza kuja. Viti havitoshi."

Bi Tanzia akainuka, akapita nyuma mpaka stoo, akaomba viti hamsini na turubai moja. Mtunza stoo alifungua kitabu, akauliza kama anavyowauliza wafiwa wote, vinakwenda nyumba gani. Bi Tanzia akamwelekeza nyumbani kwake.