Vijiko Sita vya Sukari

Nilirudi kutoka ng'ambo na stashahada ya tiba, nikapanga chumba karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nauli ya kwenda kusoma niliitafuta mwenyewe kwa kubeba magunia bandarini, na sioni haya kusema kwamba nyumba ile haikuwa na wa kunifikia kwa elimu.

Jirani yangu, mama wa chumba cha pili, alikuwa na binti wa miezi kumi, anaharisha tangu jana yake. Asubuhi nilikuta amemnyima maji, akiamini yatamzidishia kuhara. Zahanati niliyofanyia kazi ilikuwa imeishiwa pakiti za dawa ya kuharisha, nikamfundisha kuchanganya: maji yaliyochemshwa ya kujaza chupa tatu za soda, chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita. Nikamweleza kuwa anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi, na sukari ndiyo inayovisaidia kurudi mwilini. Nilieleza vizuri sana, nikaenda kazini.

Mchana nilimkuta mtoto analia bila machozi, hajakojoa tangu asubuhi, akikiparamia kikombe kisha anatema. Nikaonja. Chumvi tupu!

"Umetia kiasi gani?"

"Vijiko vitatu, kaka. Sukari hakuna mjini, nikafidia kwa chumvi. Si umesema ndiyo inayopotea?"

Nikayamwaga, nikasema ampe maji matupu kidogo kidogo, nikavuka ukumbi kwa mke wa mwenye nyumba, Mwarabu mwenye duka Kariakoo. Ulikuwa wakati wa kuwasaka wahujumu uchumi. Aliyekutwa na gunia la sukari chumbani alichukuliwa.

"Shikamoo, mama. Naomba sukari, vijiko sita tu."

"Marahaba. Sukari tunaiota tu, mwanangu. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Mimi mtaalamu, mama, nina stashahada!"

"Na hao wanaotupekua, unadhani hawana vyeti?"

Akaanza kufunga mlango. Nikarudi mbio, nikambeba mtoto, nikagonga tena mpaka akafungua, nikamfunua mtoto tumbo mbele ya yule mama. Nikaifinya ngozi kwa vidole viwili, nikaachia. Haikurudi. Ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa.

Yule mama alitazama lile kunjo, akatazama barabarani, akaingia ndani. Nikasikia kitanda kikisogezwa. Alitoka na sukari kwenye pindo la khanga.

"Ukinichoma kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mungu anakuona."

Nilichanganya mwenyewe, nikisawazisha kila kijiko kwa ukingo wa kisu. Tulimnywesha kwa kijiko, mama yake na mimi, kijiko kimoja, tunasubiri, kingine. Alitapika mara moja. Tukapumzika kidogo, tukaendelea. Habari za ng'ambo, nilizozoea kumsimulia kila mtu, sikuzigusa. Mke wa mwenye nyumba alisimama mlangoni akinong'ona dua, na kila nilipogusa utosi wa mtoto niliukuta bado umebonyea.

Alasiri ikiisha nilihisi joto likienea mapajani. Mtoto alikuwa amekojoa, mkojo mwingi, suruali yangu yote.

"Samahani, kaka!" mama yake akaruka.

"Mwache," nikasema. "Mwache amalize."