Koleo la Mhunzi wa Kihonda

Kwa mhunzi wetu wa Kihonda, nyundo utaazima, tupa utaazima, hata kile kipande cha reli anachofulia vyuma, ukiweza kukibeba, kibebe. Koleo hapana. Koleo hulala nalo, na mkewe keshachoka kulalamika. Juzi Mansuri, mhunzi wa ng'ambo ya barabara, alikuja mbio. Koleo lake limekatika, na jembe la mteja liko motoni linaungua.

"Kaka, niazime!"

Mhunzi wetu akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Si jana ulisema mimi nafua vijiko?"

"Kaka, jembe linaungua!"

Akanyanyuka, koleo kwapani, akavuka barabara mwenyewe. Akalichomoa jembe, akalishikilia kwa koleo lake. Mansuri akaanza kugonga polepole, mwenye koleo akafoka:

"Piga, bwana! Hilo jembe, si mchumba!"